Acheni kuwafundisha wanafunzi kwamba fasili zote za nafasi laini zinalingana

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, na sababu ninayo. Katika kozi yetu ya uzamili mwalimu alitamka kwamba fasili nne za nafasi laini (yaani nafasi ambamo unaweza kufanya kalkulasi), za wanahisabati Chen, Sikorski na Frölicher na ile ya difeolojia, aliyoiasisi Souriau mwaka 1980, zote zinalingana, kisha akafuta ubao. Nimejenga tasnifu juu ya neno hilo kwa miezi minne, na sasa imeporomoka.

Hazilingani hata kidogo. Sikorski anaanza na fanksheni zinazotoka katika nafasi kwenda namba halisi. Difeolojia inaanza na ploti, yaani ramani zinazohesabiwa laini, zinazoingia humo kutoka vipande vya nafasi za kawaida za dimensheni yoyote. Frölicher anadai njia zinazoingia na fanksheni zinazotoka ziamuane kikamilifu. (Chen na Souriau wanakaribiana zaidi, sitawagusa.) Kwenye manifoldi za kawaida (nafasi ambazo kwa karibu hufanana na mstari, bapa au nafasi bapa ya dimensheni zaidi) tofauti hiyo haiumi, kwa sababu Boman alithibitisha mwaka 1967 kwamba fanksheni iliyo laini kwenye kila njia laini ni laini yenyewe, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya.

Chukueni mstari wa namba halisi, mzihesabu kuwa nukta moja namba zozote mbili zinazotofautiana kwa m + n√2, m na n zikiwa namba kamili. Fanksheni laini kwenye nafasi hiyo inalazimika kurudia thamani ileile katika nukta zilizotapakaa kila mahali kwenye mstari, kwa hiyo haibadiliki kamwe. Kwa Sikorski na Frölicher muundo wote umekufa: chochote kiingiacho humo kinahesabiwa laini. Kwa difeolojia, kama Donato na Iglesias walivyoonyesha miaka ya 1980, nafasi hiyo ni hai kiasi kwamba ukiweka namba nyingine isiyo wiano badala ya √2, karibu kila mara unapata nafasi tofauti.

Hata mfano mwepesi unatosha. Hesabuni kila duara la bapa lenye kitovu sifuri kuwa nukta moja, mtabaki na nusu mstari. Fanyeni vivyo hivyo kwa tufe zenye kitovu sifuri katika nafasi ya dimensheni tatu. Kwa fanksheni, nusu mstari hizo mbili ni kitu kimoja, ilhali difeolojia inazitenganisha pale kwenye sifuri.

Andrew Stacey alichapisha ulinganisho wa fasili hizi mwaka 2011, kwa hiyo udhuru haupo. Mwalimu yeyote mwenye sentensi ile katika maandalio yake aifute, au aandike ni kwa nafasi zipi inasimama.