Walimu wa Phoenix LiveView, acheni kufundisha nusu nusu!

Wakuu, hii kero imezidi. Kila somo la LiveView (zana ya Phoenix, fremuwaki ya wavuti ya lugha ya Elixir, inayoendesha kurasa hai kutoka kwenye seva) linaishia `mix phx.server`, localhost:4000 (kompyuta yako mwenyewe), kitufe kinahesabu moja, mbili, tatu, kwaherini. Kisha wanafunzi wenu wanajaa humu wakilia eti Elixir mbovu.

Chukueni `mount`, kazi inayoandaa ukurasa. Inaitwa mara MBILI: kwanza kwenye ombi la kawaida la HTTP, tena soketi (muunganisho wa kudumu wa kivinjari na seva) inapounganika. Mtu kaweka humo kutuma SMS, mteja kapata mbili. Dawa ni `if connected?(socket)`, na `PubSub.subscribe` (kujiunga kupokea taarifa) ikae humo humo. Video ya saa mbili imekosa nafasi ya sentensi hiyo?

Halafu mnajaza safu 5,000 za data kwenye assigns (data ambayo ukurasa unaitunza kwenye seva). Kila tabo iliyo wazi ni prosesi yake kwenye seva na inabeba mzigo wake. Tumieni `stream`, isiyozihifadhi kwenye kumbukumbu ya seva.

Balaa lenyewe ni siku ya kupandisha kwenye seva. Ukurasa unafunguka safi, vitufe vimekufa. Logi inasema "Could not check origin for Phoenix.Socket transport". PHX_HOST (jina la kikoa chako) haikuwekwa, `runtime.exs` (faili la mipangilio linalosomwa programu inapowaka) ikachukua ile example.com iliyokuja na mradi, kwa hiyo soketi inayotoka kwenye kikoa chako inaonekana mgeni. Ukurasa wa HTTP haukaguliwi hivyo, ndiyo maana unadanganya. Jibu la "wataalamu" ni `check_origin: false` (kuzima ukaguzi wa soketi imetoka kikoa gani). Yaani umesahau ufunguo, unang'oa mlango!

Nginx, seva inayokaa mbele ya programu yako, nayo inataka `proxy_http_version 1.1` pamoja na heda za Upgrade na Connection ili soketi ipite. Ukizikosa, miradi mipya haikuambii kitu: ina `longPollFallbackMs: 2500`, basi soketi ikigoma, ndani ya sekunde mbili na nusu inahamia longpoll (kuuliza seva tena na tena kwa HTTP), inajikokota. Lawama zinaenda kwa mtandao wa simu.

Na nani kawaambia muweke `System.get_env` kwenye `prod.exs`? Hiyo inasomwa wakati wa kujenga. Nenosiri la hifadhidata liende `runtime.exs`. Ndani ya release (kifurushi cha programu iliyokwisha kujengwa) hakuna mix, zana ya amri za Elixir: endesheni `mix phx.gen.release` mapema, migresheni (mabadiliko ya muundo wa hifadhidata) ziitwe kwa `bin/app eval "App.Release.migrate"`, na bila PHX_SERVER=true programu inawaka lakini mlango wa HTTP haufunguki.

Fomu nazo zipeni `id` na `phx-change` (inayotuma kila badiliko la fomu kwenye seva). Mtandao ukikatika katikati, LiveView inarudisha alichojaza mtu. Bila hivyo anaanza upya, na bando lake linaliwa.

Mwenye kozi inayofika hadi hapo aweke kiungo. Za localhost tunazo za kutosha.