Ulinganisho: stelingi ya Land Rover 109 Series III. Nifufue iliyopo, nichukue boksi la mtumba, au nifunge pawa ya 110?

Mkulima wa Matamba

Kamwene wakuu. Nina Land Rover 109 Series III ya dizeli, kazi yake ni kushusha viazi kutoka Matamba hadi Chimala. Mnaoijua barabara ile ya kona hamsini na saba mnaelewa kwa nini nauliza habari za usukani kabla ya habari za injini.

Tatizo ni hili: usukani una mchezo mkubwa pale katikati, nauchezesha kulia na kushoto tairi zimetulia tu. Halafu nikishakata kona haurudi wenyewe, naurudisha kwa nguvu za mikono hadi mabega yanauma. Series III iliacha kutengenezwa 1985, kwa hiyo dukani hapa Mbeya ukitaja jina watu wanakuangalia kwanza.

Nina njia tatu mezani. Ya kwanza, kununua spea mpya na kufufua mfumo wote kama ulivyotoka kiwandani. Ya pili, kuna 109 imekufa huko Iringa, mwenyewe anauza boksi la stelingi (giaboksi ndogo iliyo chini ya usukani) na relei (kiungo cha katikati kinachopokea mwendo wa boksi na kuupeleka upande wa tairi) kwa pamoja. Ya tatu, fundi mmoja ananishawishi nifunge pawa stelingi, yaani usukani unaosaidiwa na presha ya oili, ya Land Rover 110. Mliopitia naomba mnisaidie, natanguliza shukrani.

Fundi wa Kabwe

Mkuu, kabla hujatoa hela tenganisha hayo mambo mawili. Mchezo wa katikati ni ugonjwa mmoja, usukani kutorudi ni ugonjwa mwingine. Ukinunua boksi kutibu ugonjwa wa pili utakuwa umebadilisha kitu kisicho na ugonjwa.

Gari isimame kwenye sakafu ngumu, injini imezimwa. Mtu mmoja akae kwenye kiti achezeshe usukani kidogo kidogo, kushoto kulia, bila kuacha. Wewe lala chini. Anza na ule mkono unaotoka kwenye boksi: usukani ukizunguka na mkono haujatikisika, mchezo umo ndani ya boksi. Mkono ukitikisika, fuata viungo kimoja baada ya kingine hadi kwenye tairi. Shika kila boljointi (kile kiungo cha mviringo kwenye ncha ya kila fimbo ya stelingi) kwa kiganja, vidole viguse vyuma vyote viwili, huku na huku. Boljointi iliyochoka utaisikia inagonga kwenye kiganja hata kama kwa macho huoni kitu. Gari yako ina boljointi sita, na mara nyingi kila moja inachangia mchezo mdogo. Ukijumlisha ndiyo hayo unayoyaona kwenye usukani.

Kuhusu kutorudi, inua mbele kwa jeki, weka stendi, ufungue dragi linki zote mbili (fimbo inayotoka kwenye boksi na ile inayokwenda kwenye tairi) kwenye relei. Zungusha relei peke yake kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito kiasi, lakini uzito uleule mwanzo mpaka mwisho. Ikikwama mahali, au ikigoma kabisa, umeshampata mwizi. Na hapohapo sukuma tairi kulia na kushoto uone kama kingipini, zile pini ambazo tairi za mbele hugeukia, ni laini, maana zikikauka oili nazo zinaleta shida ileile.

Kijana wa Gerezani

Mimi naunga mkono njia ya kwanza, spea mpya. Watu wanafikiri za Series III zimeisha kwa sababu gari yenyewe iliisha, lakini sivyo. Boljointi za Series III ndizo hizohizo zilizokuja kutumika kwenye 90, 110 na Discovery ya kwanza, na hizo 90 na 110 za zamani, zilizokuja kuitwa Defender, zilitengenezwa mpaka Januari 2016. Dukani usiombe "boljointi ya Series III", utaambiwa hakuna. Taja namba: RTC5869 ni ya uzi wa kulia, RTC5870 ni ya uzi wa kushoto. Unahitaji tatu za kila aina. Hapa Dar zipo, unatumiwa kwa basi.

Angalia tu ubora. Fungua pakiti yake dukani, shika ile pini uizungushe: iwe nzito na laini, isiwe inalegea kama kifuniko cha soda. Ile raba ya vumbi iwe nene. Ikija bila nati na kotapini, rudisha.

Mama Mufindi

Sisi huku tulifunga pawa ya 110 kwenye 109 ya shamba, kwa hiyo naongea kitu ninachokiendesha. Raha yake ni kweli. Dereva anageuza gari imesimama, imebeba kuni, kwa mkono mmoja.

Lakini Mkulima, hesabu vizuri kinachoingia humo. Si boksi peke yake. Kuna pampu, na pampu inataka breketi kwenye injini na puli ya kuizungusha. Kuna tangi la oili na mipira ya presha. Nguzo ya usukani inabadilika, inakuja na jointi zake. Na relei inaondoka kabisa, kwa sababu 110 haina relei. Dragi linki inatoka kwenye boksi kwenda moja kwa moja upande wa pili wa ekseli.

Kilichotusumbua zaidi ni chesisi. Chesisi ya Series III ni boksi la bati lililo wazi ndani. Ukipitisha bolti na kukaza, bati linabonyea, na baada ya muda bolti zinalegea. Ni lazima zichomelewe bomba ndani ya chesisi ili bolti ipite kwenye bomba na ukazaji ukae kwenye chuma. Fundi asiyekuambia habari ya hayo mabomba usimpe gari. Pia ile dragi linki ikae sambamba na tairodi, ile fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele. Ikikaa mshazari, kila springi zikinyanyuka na kushuka kwenye mashimo usukani unajivuta wenyewe, na huko kwenye kona zako hilo hulitaki.

Na jambo la mwisho: pawa haiondoi mchezo. Boljointi zilizochoka zitabaki zimechoka.

Mwana wa Tunduma

Kwa nini msifunge boksi la Hilux? Spea zake zipo kila kona kuanzia Mwanjelwa hadi Tunduma, zikiharibika unapata siku hiyohiyo.

Fundi wa Kabwe

Mwana wa Tunduma, hoja ya spea nakubaliana nayo kabisa. Ila boksi la gari nyingine lina mkono wa urefu wake na mzunguko wake. Utaishia kutengeneza breketi, nguzo ya usukani na dragi linki ambazo hazipo kwenye kitabu chochote, na siku fundi aliyezitengeneza amehama, anayefuata hajui aanzie wapi. Kwa gari inayobeba watu na mzigo mlimani, nabaki na kilichopimwa kiwandani.

Leithi Mwanjelwa

Mimi nakereza vyuma, acheni niseme kwa upande wangu, maana gari za aina hii zinaletwa kwangu kila wakati na maombi mengine yananitisha.

Vitu ninavyokubali kuvifanya: bushi za bronzi za shafti ya boksi, kutoa boljointi zilizogoma kwenye mikono yake, kunyoosha uso wa gasketi, kutengeneza nafasi ya oilsili ya saizi inayopatikana. Bushi ikiisha inakupa dalili, usukani unalegea taratibu, oili inavuja, unaona.

Vitu nisivyovigusa: kuchomelea mkono wa boksi, kuchomelea pini ya boljointi, kuunga tairodi iliyokatika, kujaza shafti iliyoliwa kwa welidi halafu kuikereza. Vyuma hivi vimefuliwa na kupikwa kwa ajili ya kubeba kishindo. Moto wa welidi unabadilisha ugumu wake pembeni mwa mshono, kwa macho kinaonekana kizima, kisha kinakatika ghafla bila kukuonya. Gari ikiwa inashuka Chimala na gunia nyuma, ukishikilia usukani usiounganishwa na tairi, hakuna breki itakayokusaidia kwenye kona. Ndugu zangu, tafadhali, anayekuambia "tutachomelea tu" kwenye stelingi mkimbie.

Kwa hiyo hilo boksi la mtumba la Iringa silikatai, ila nenda na tochi. Toa kifuniko cha pembeni, tazama ile shafti ya mkono. Ikiwa na mikwaruzo ya kushikika na kucha, au ina alama ya welidi popote, liache. Maji na kutu ndani ya boksi, liache pia.

Dada wa Tukuyu

Samahani naingilia, hakuna aliyeuliza tairi. Mkulima, umevaa saizi gani? 109 ilikuja na 7.50-16, nyembamba na ndefu. Wengi wanaweka tairi pana za mtumba kwa sababu ya muonekano, halafu wanalalamika usukani mzito.

Mkulima wa Matamba

Dada umenikamata, ni pana kweli, nilinunua gari ikiwa nazo. Nitatafuta 7.50.

Nimefanya kipimo cha Fundi. Boljointi nne zinagonga mkononi waziwazi. Boksi lina mchezo kidogo, si sana. Relei ndiyo balaa: haizunguki kwa mkono mpaka niweke bomba refu, na juu yake hakuna hata tone la oili. Kwa hiyo pawa naiweka kando. Boljointi naagiza zote sita. Swali langu sasa ni relei: nifungue hii, au nichukue ya Iringa?

Fundi wa Kabwe

Kama haina tone la oili, jaribu kuijaza kwanza kabla ya kuitoa. Toa bolti ya juu ya kujazia na nyingine ya pembeni yake ili hewa itoke, mimina oili ya giaboksi, namba 90, taratibu. Itaingia kidogo, itapiga povu, subiri, ongeza tena. Iache ilale, kesho yake izungushe na ujaze tena. Nyingine zinafufuka hivyo. Ikivuja chini, oilsili imekwisha na ni lazima itoke.

Kuitoa kuna kazi, kwa sababu imekaa ndani ya bomba la chesisi na kutu inaishikilia. Lowesha kwa dizeli siku kadhaa, kisha jeki kutoka chini, kidogo kidogo, na nyundo kwenye chesisi kuizunguka.

Kuifungua ndiko ninakokuomba usifanye peke yako. Ndani kuna springi kali imebanwa katikati ya koni mbili, na koni zenyewe zimegawanyika vipande. Shafti ikitoka, vile vipande vinaruka kama risasi. Mimi naifunga ndani ya gunia nene, mdomo umekazwa kwa kamba, ndipo naisukuma. Koni zikiwa zimeliwa, hapo relei mpya ni bora kuliko ya Iringa, maana ya Iringa hujui ilikaa bila oili miaka mingapi.

Boksi lako kaza ile skrubu ya pembeni tairi zikiwa zimenyooka, nusu ya mchezo inatosha. Ukiumaliza wote pale katikati, ambako ndiko kunakoliwa zaidi, litabana ukikata hadi mwisho.

Ukimaliza peleka alaimenti, na umwambie kijana wa mashine kwa mdomo wako: Series III tairi za mbele zinafunga kwa ndani, yaani upande wa mbele zinakaribiana kuliko upande wa nyuma, kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Wengi wanaingiza vipimo vya Defender, ambavyo ni kinyume, kwa sababu Defender inavuta kwa tairi zote nne muda wote na zile za mbele zinajifunga zenyewe kwa kuvuta. Yako tairi za mbele zinavuta pale tu unapoingiza gia ya mbele.

Mkulima wa Matamba

Ndaga fijo, Fundi. Leo naijaza oili. Leithi, kesho asubuhi nashuka Mwanjelwa na mikono miwili ya relei, boljointi zimegoma kutoka na sitaki kuzipiga nyundo hovyo.

Leithi Mwanjelwa

Leta. Nati usiitoe, iache imeshika nyuzi mbili tatu, uzi usiharibike. Na usizichome moto njiani.