Kapiga picha kurasa zote 32, kisha KALIRUDISHA MEZANI!

Wino_Mbichi: Jamani, yule bwana mnamjua, jina la nini. Leo asubuhi Mwembe Tayari, hapa Mombasa, kaokota jarida kwenye meza ya muuzaji, katoa simu, kapiga picha ukurasa baada ya ukurasa, zote 32. Kisha akalirudisha mezani! Bila shilingi! Muuzaji hajafunga mdomo, picha zishatapakaa vikundi vyote vya WhatsApp, Likoni mpaka Mtwapa. Na maneno juu: "Karatasi ishakufa, mzee."

Nani kaiua? Kurasa 32 ni karatasi kubwa mbili, kila moja ikichapwa pande mbili na kukunjwa hutoa kurasa 16. Kila upande unataka pleti nne, yale mabamba ya kuchapia, moja kwa kila rangi: samawati, waridi, manjano, nyeusi. Hizo pleti 16, jalada bado. Uchape nakala 300 au 3,000, bei ya pleti ni ile ile, kwa hiyo wasomaji wakipungua kila nakala inazidi kuwa ghali. Na unyevu wetu huu wa pwani! Karatasi iliyoachwa wazi huunywa, hutanuka, rangi zinakataa kulaliana, herufi zinatoka na kivuli. Rundo zima linatupwa.

Tena muuzaji hupewa kwa mali kauli, yasiyouzwa yanarudi. Lenye mafuta ya viazi karai nani atalipokea? Maana alikuwa anakula viazi karai, halafu AKALIRUDISHA MEZANI!

Mkunazi: Pole, lakini picha si mwuaji. Matangazo madogo ya kazi, nyumba na magari ndiyo yaliyokuwa yakilipa wino, nayo yamehamia mtandaoni. Bei ya mezani peke yake haitoshi.

Kaskazi86: Uzi mzima kwa jarida moja? Yakhe, kanywe dafu. Habari ya tarehe 3 mnaniletea tarehe 28, nilipie nini?

Wino_Mbichi: Alilirudisha MEZANI, Kaskazi! Na mafuta!

BintiKisauni: Afadhali yeye katoka nyumbani. Wale wanaodai PDF ya gazeti kwenye kikundi alfajiri je? Analipa mmoja, wanasoma mia mbili.

Mzee_Kibokoni: Mji huu ndiko gazeti la African Standard la Jeevanjee lilikoanzia 1902, na lile la Al-Islah la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui 1932. Leo wasahihishaji wa prufu, wale wanaosaka makosa kabla ya kuchapwa, ndio wa kwanza kufutwa kazi, tunasomeshwa "zambi" na "razi" kwenye kichwa cha habari!

MlaMahamri: Nyie mnalilia prufu, mimi nalilia tumbo. Wino wa gazeti haukauki kama rangi ya mlango, hunywewa na karatasi tu. Ukikutana na mafuta ya moto unalegea. Sasa yule mama anafungia mahamri kwa gazeti, nusu ya habari za michezo inabaki kwenye hamri!

BintiKisauni: Yule wa karibu na soko?

MlaMahamri: Huyo huyo. Na mbaazi zake siku hizi tui la pili tupu.

Kaskazi86: Hapo sasa umesema. Mbaazi bila tui zito ni za nini?