Naombeni ushauri: ndege ya bei nafuu kutoka Nairobi hadi Boston nikiwa na mama wa miaka 73

Kijana_wa_Njabini

Habari zenu ndugu zangu. Dada yangu anaishi Lowell, kule Massachusetts, na anatarajia kujifungua mwezi wa tisa. Mama ameshapata viza, anaenda kumsaidia kulea. Ana miaka 73 na hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda Kisumu. Magoti yanamsumbua, anatembea kwa mkongojo, na kila asubuhi ana dawa za presha. Kiingereza chake ni cha salamu tu. Kikuyu na Kiswahili ndizo lugha zake.

Nitamsindikiza mimi. Kazini nimepewa likizo ya wiki tatu, kwa hiyo nitamfikisha, nikae naye siku chache, nirudi. Yeye atabaki hadi Februari.

Bajeti ni shilingi 300,000 kwa tiketi zote mbili, kwenda na kurudi. Nimekesha na simu nikilinganisha bei: kupitia Addis, Doha, Dubai, Istanbul, Amsterdam, halafu ile ya Kenya Airways ya moja kwa moja hadi New York. Iliyo rahisi kuliko zote inabadilisha ndege mara mbili na kutuweka uwanjani kwa muda wa saa 11. Inaniokolea kama 25,000 kwa kila mtu, na kwetu hizo si pesa ndogo. Lakini nikimfikiria mama kwenye kile kiti cha chuma usiku kucha, roho inakataa. Mliosafiri na wazee, mlichaguaje?

MamaPili_SouthB

Hongereni kwa mjukuu anayekuja.

Ndugu yangu, hiyo ya kubadilisha mara mbili achana nayo. Nilimpeleka baba mkwe Marekani kwa tiketi ya namna hiyo. Shirika silitaji. Ndege ya pili ilikuwa imeegeshwa mbali, tukapelekwa kwa basi, na tuliposhuka mbele yetu zikawa ngazi. Kijana aliyekuwa akisukuma kiti cha magurudumu akatuacha hapo chini. Mzee alishika chuma kwa mikono miwili. Anapandisha mguu wa kulia, anauvuta wa kushoto, anapumzika. Nyuma yetu abiria wamejipanga kwenye manyunyu. Hakuna aliyesema neno baya, lakini mzee aliona haya, na haya hiyo ilimkaa safari nzima. Alijizuia hata kwenda msalani ili asimwinue mtu kitini.

Baadaye ndipo nilipojua kosa lilianzia kwenye tiketi. Msaada wa kiti cha magurudumu una herufi zake. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi, ila mwendo mrefu unamshinda. WCHS ni asiyeweza ngazi. WCHC ni asiyeweza kutembea kabisa, wa kufikishwa hadi kwenye kiti chake. Sisi tuliandikiwa WCHR kwa sababu wakala aliuliza tu "anatembea?" nami nikajibu ndiyo. Kwa magoti ya mama yako, waambie WCHS. Huduma hiyo hailipiwi. Iombe unapokata tiketi, kisha saa 48 kabla ya safari upige simu mwenyewe kuhakikisha imeandikwa kwa kila ndege, ya kwenda na ya kurudi.

Abuu_Eastleigh

Mimi hupitia Addis kwa Ethiopian Airlines nikienda Washington, na kwa bei mara nyingi huwashinda wengi. Kutoka hapa ni saa mbili tu. Lakini kwa mama yako nitasema ukweli. Uwanja wa Addis uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na kwa urefu huo ndege nzito haiwezi kupaa ikiwa imejaza mafuta ya kufika Marekani. Kwa hiyo safari nyingi za huko hutua mahali njiani kuongeza mafuta. Hushuki, lakini ni saa nyingine ya kukaa. Kwa kijana si kitu. Tena hakuna ndege yao ya kuwafikisha Boston, bado mtaunganisha nyingine.

Msafiri_Umoja

Mimi naitetea Amsterdam. Nairobi hadi Amsterdam ni kama saa nane na nusu usiku, mzee analala. Kutoka hapo hadi Boston ni saa saba na ushee. Safari inagawanyika karibu nusu kwa nusu, katikati mzee ananyoosha miguu, anaosha uso, anakula akiwa amekaa mezani. Linganisha na Doha au Dubai: unaruka saa tano, ndipo uanze nyingine ya saa 13 au zaidi, yaani unabadilisha ndege kabla hata hujachoka na ile ndefu yote bado iko mbele. Istanbul iko katikati, kama saa saba kisha kumi na moja.

Na ukipitia Ulaya kuna kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2006 inayouwajibisha uwanja wenyewe kumhudumia abiria asiyejiweza, kuanzia mlangoni pa ndege hii hadi mlangoni pa nyingine. Jipe saa tatu za kubadilisha. Saa moja na nusu usiikubali hata mtandao ukikuambia inatosha, kwa sababu wenye viti vya magurudumu hushushwa mwisho.

Muuguzi_Ngara

Niongee upande wa afya, kwa kuwa hili hutuletea wazee kliniki baada ya safari, wakati tungewasaidia kabla.

Watu huogopa hewa ya ndegeni. Ndani ya ndege hewa huwa kama ya mtu aliye mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400. Mama yako anatoka Njabini, kule Kinangop, ambako ni zaidi ya mita 2,400. Amezeeka kwenye hewa nyepesi kuliko hiyo. Kwake hewa si tatizo, labda awe na ugonjwa wa moyo au mapafu ambao hujautaja. (Anayemleta mzee kutoka Mombasa ndiye wa kulifikiria zaidi.)

La kuangalia ni damu kuganda miguuni kwa kukaa sana. Ainuke kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, hata kama ni kusimama tu ameshika kiti. Akiwa amekaa, azungushe vifundo vya miguu. Anywe maji. Soksi za kubana zinasaidia, lakini apimwe mguu kwanza na daktari akubali, maana kuna wenye mishipa isiyofaa kubanwa. Aspirini asimeze kwa ushauri wa jirani.

Sasa dawa za presha. Baadhi zina kiambato cha kutoa maji mwilini, yaani atakwenda msalani mara kwa mara saa chache baada ya kuimeza. Muulize daktari imezwe saa ngapi siku ya safari. Boston iko nyuma yetu kwa saa saba mwezi wa tisa na saa nane ifikapo Februari, kwa hiyo "kila asubuhi" itahama. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Begi likipotea, presha haitasubiri lipatikane.

Kiti chake kiwe cha kwenye ujia na wewe ukae kando yake. Watu huwapa wazee dirisha kwa upendo, kisha mzee anafungiwa huko ndani na anaona vibaya kuomba kupita. Chakula kisicho na chumvi nyingi huagizwa mapema, angalau siku moja kabla. Hakilipiwi. Na bima ya safari msiikwepe. Hakikisheni inagusa na ugonjwa aliokuwa nao tayari, kwa sababu bili ya hospitali ya Marekani inaweza kula hiyo bajeti yote kwa siku moja.

Mkaazi_Lowell

Nimesoma yote, na naona jambo moja hakuna aliyeligusa. Kijana, wewe unachagua ndege ya kwenda. Kwenda mtakuwa wawili. Februari mama atarudi peke yake. Hiyo ya kurudi ndiyo ya kuchagulia shirika.

Fikiria Februari ya huku. Theluji ikianguka vizuri, ndege zinafutwa. Sasa mwone mama amekwama Ulaya au Doha kwa sababu ya kwanza ilichelewa na ya pili ikamwacha, akiwa na Kiingereza cha salamu, tangazo likisomwa kwenye spika asilielewe. Mama yangu mzazi yalimpata. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na lango muda wa saa sita, wala hakuna aliyerudi kumwangalia. Simu yake haikuwa na intaneti. Mtu wa kwanza kumsalimia kwa Kiswahili alikuwa mfanyakazi wa usafi, na ndiye aliyetupigia. Tangu siku ile nikasema mzazi wangu hatabadilisha ndege tena akiwa peke yake.

Ndiyo maana naipenda ile ya Kenya Airways ya moja kwa moja, ingawa ni saa 15 kwenda na kama 14 kurudi. Ilianza Oktoba 2018, na sisi wa huku tunajua ilichotuondolea. Mama akishafikishwa kwenye kiti chake New York, kituo kinachofuata ni JKIA, uwanja wa Nairobi. Wahudumu wanaongea Kiswahili. Akihisi vibaya ataeleza mwenyewe anapoumwa.

Na msiunganishe ndege ya ndani kwenda Boston. Mkitua New York, hapo ndipo mnapoingilia Marekani: mnapanga foleni ya uhamiaji, mnachukua mabegi yenu wenyewe, mnayakabidhi upya, na pengine mnahamia jengo jingine. Kwa mzee hiyo ni safari ya pili. Mume wa dada yako aje na gari. Kutoka uwanja wa JFK hadi Lowell ni kama kilomita 350, saa nne au zaidi kidogo kwa foleni. Mtasimama njiani mama anywe chai. Mafuta na ada za barabara hazifiki bei ya tiketi mbili za Boston.

Msafiri_Umoja

Mkaazi, hapo umenigeuza. Mimi nilikuwa nafikiria magoti tu, sikuifikiria lugha. Bado nasema saa 15 ni nyingi kwa goti bovu, lakini kama anarudi peke yake, sina la kubisha.

Kijana_wa_Njabini

Nimesoma hilo la Februari mara mbili. Kweli sikuwa nimelifikiria, akili yote ilikuwa kwenye kumfikisha.

Ila bei. Ya moja kwa moja nikitazama mwisho wa Agosti inapita bajeti kwa kama 40,000 kwa sisi wawili. Kuna namna?

Wakala_wa_Tiketi_CBD

Ipo. Agosti bado ni msimu wa likizo za shule Marekani na ndege zinajaa. Sogeza hadi wiki ya pili ya Septemba kama tarehe ya kujifungua inaruhusu, na uondoke Jumanne au Jumatano. Mara nyingi hilo pekee hushusha bei. Usingoje mwezi wa mwisho, zile nauli za chini huisha kwanza.

Angalia haya kabla hujalipa. Kwa kuwa mnarudi tarehe tofauti, mtakuwa na namba mbili za uhifadhi. Omba ziunganishwe ili mfumo ujue mnasafiri pamoja, la sivyo mnaweza kutenganishwa viti. Tiketi ya mama iwe ya kuruhusu kubadilisha tarehe, hata kama inaongeza kidogo. Kwako wewe chukua ya chini kabisa, hata ikiwa ya kupitia kwingine wakati wa kurudi. Hapo ndipo pa kuokoa pesa, si kwa mama.

Soma uzito wa mizigo kwenye tiketi yenyewe. Nauli nyingine zinaonekana rahisi kwa sababu hazina begi la chini. Na kwa wengine wanaosoma hapa: msikubali tiketi mbili mbalimbali zilizoshonwa na mtu ili bei ishuke. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili haliwajibiki kwako. Wanaopitia London wakumbuke pia kwamba Uingereza ina viza ya kupita kwa Wakenya, ingawa mwenye viza halali ya Marekani kwa kawaida husamehewa.

MamaPili_SouthB

Niongeze la JKIA. Sisi tulishushwa garini pale kwenye ukaguzi wa barabarani tupite kwa miguu. Mwambie askari mapema kwamba una mzee asiyeweza mwendo. Kutoka Njabini msije siku hiyo hiyo mbio mbio, alale Nairobi usiku mmoja.

Februari akirudi, dada yako amwandikie karatasi ya Kiingereza mfukoni: jina, namba za simu za pande zote mbili, dawa anazotumia, na kwamba anaongea Kiswahili.

Kijana_wa_Njabini

Ndugu zangu, nimerudi. Nimekata jana. Mama ni ya moja kwa moja kwenda na kurudi, inaondoka Jumatano ya wiki ya pili ya Septemba, na tarehe ya Februari inaweza kusogezwa. Mimi nakwenda naye na nitarudi kwa kupitia Doha. Jumla imezidi bajeti kwa 12,000, na dada amezilipa. WCHS imeandikwa kwenye zote mbili za mama, nimeiona kwa macho yangu kwenye karatasi. Shemeji atatungoja JFK. Alhamisi nampeleka mama kliniki kwa ajili ya soksi na barua ya daktari.

Nilipomweleza mambo ya saa 15 aliniambia tu kwamba kanisani hukaa tangu asubuhi. Linalomsumbua ni chakula. Anataka kubeba njahi (yale maharagwe meusi ya kwetu), majani ya chai na nyama ya kukausha. Nimwambieje?

Mkaazi_Lowell

Nyama aiache, itachukuliwa. Majani ya chai yanapita. Njahi ziwe kavu, safi, zisizo na wadudu, na mzitaje zote mkiulizwa kama mna chakula, afisa aamue. Kutaja hakuna kosa. Kuficha ndiko kunakoleta faini. Na mwambie mama njahi tunazipata huku, alete chai kwa wingi.