Mjadala: Kituo cha sera kinachobadili sheria za jimbo kilazimishwe kutaja wafadhili wake?

Mizani (mleta mada)

Wakuu, suala hili ni la Marekani, lakini yeyote aliyewahi kukatwa ada ya uwakala kwenye mshahara, yaani ada anayotozwa asiye mwanachama kwa kuwakilishwa na chama cha wafanyakazi, atalielewa upesi.

Jimbo la Michigan lina kituo kiitwacho Mackinac Center, kilichoanzishwa mwaka 1987, makao yake mji wa Midland. Ni kituo cha utafiti wa sera kinachotetea soko huria. Vituo vya namna hiyo vimeenea majimbo yote, na vimeunganishwa na State Policy Network, mtandao ulioanzishwa 1992. Huandika taarifa fupi kwa wabunge wa jimbo, hupeleka wataalamu mbele ya kamati, hudai nyaraka za serikali kupitia sheria ya uhuru wa habari, na Mackinac ina mawakili wake kabisa wa kufungua kesi.

Kazi iliyowapa jina ni sheria ya "haki ya kufanya kazi". Kwa sheria ya kazi ya Marekani ya 1935, chama cha wafanyakazi kikishachaguliwa na wengi humwakilisha kila mfanyakazi wa kitengo hicho, hata asiye mwanachama. Ndiyo maana vyama vilidai asiye mwanachama naye alipe. Kifungu 14(b) cha sheria ya Taft-Hartley ya 1947 kikayaruhusu majimbo kupiga marufuku malipo hayo ya lazima, na marufuku hiyo ndiyo huitwa "haki ya kufanya kazi". Mackinac ilishikilia hoja hiyo kwa miaka mingi katika jimbo ambalo ni ngome ya chama cha wafanyakazi wa magari. Tarehe 11 Desemba 2012 bunge lilipitisha, na Gavana Rick Snyder akatia saini siku hiyohiyo. Michigan ikawa jimbo la 24.

Msimamo wangu: kituo hiki hakilipi kodi ya mapato, na anayekichangia hupunguziwa kodi. Kikifikia hatua ya kubadili masharti ya kazi ya jimbo zima, wananchi wana haki ya kujua nani anakigharamia. Fomu 990, ripoti ya kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, inaonyesha mapato, matumizi na mishahara ya wakuu. Majina ya wachangiaji wa $5,000 na zaidi yako kwenye kiambatisho chake, Jedwali B, na nakala ya umma hufutwa majina. Chama cha wafanyakazi chenye mapato ya $250,000 au zaidi kwa mwaka hujaza fomu LM-2, ripoti ya fedha kwa wizara ya kazi, na humo hutaja waliolipwa $5,000 na kuendelea. Kwa nini mmoja afungue vitabu na mwenzake afunike?

Katiba Kwanza

Mkuu Mizani, umelinganisha vitu viwili tofauti. LM-2 ipo kumlinda mwanachama ambaye pesa yake inakatwa kabla hajaishika. Mackinac haikati mshahara wa mtu. Isitoshe, LM-2 haivigusi vyama vyenye wafanyakazi wa majimbo na halmashauri peke yao. Sheria ya 1959 inayoidai imewaacha nje waajiri hao wa serikali. Kwa hiyo si kweli kwamba upande wa pili wote uko wazi.

Pili, kuficha majina hakukubuniwa na matajiri. Mwaka 1958, katika kesi ya NAACP dhidi ya Alabama, Mahakama ya Juu ilikataa jimbo lipewe orodha ya wanachama wa chama cha kutetea haki za Weusi, kwa sababu waliotajwa walikuwa wakifukuzwa kazi na kutishiwa maisha. Mwaka 2021, katika kesi ya Americans for Prosperity Foundation dhidi ya Bonta, mahakama hiyohiyo kwa kura 6 dhidi ya 3 iliizuia California kukusanya Jedwali B. Kilichojitokeza kwenye kesi ni kwamba jimbo liliahidi kuyatunza kwa siri, kisha majedwali karibu 2,000 yakakutwa hadharani kwenye tovuti yake. Ahadi ya siri ya serikali ina thamani hiyo.

Mkaguzi wa Hesabu

Ngojeni kidogo. Kabla ya kubishania majina, tuone mpaka wa sheria unakaa wapi, maana watu wengi hudhani vituo hivi vinaruhusiwa kushawishi bunge bila kikomo.

Kundi lao kwenye sheria ya kodi ni 501(c)(3), la mashirika ya hisani yasiyolipa kodi. Kumpigia debe mgombea ni marufuku kabisa. Kushawishi bunge kunaruhusiwa kwa kiasi, na kituo kikichagua kipimo cha 501(h) hesabu yake ni hii: asilimia 20 ya $500,000 za kwanza za matumizi, asilimia 15 ya $500,000 zinazofuata, asilimia 10 ya $500,000 nyingine, na asilimia 5 ya zilizobaki, bila kuvuka $1,000,000. Kituo kinachotumia $1,500,000 kwa mwaka kinapata $100,000, $75,000 na $50,000, jumla $225,000. Kati ya hizo, robo tu, yaani $56,250, ndiyo inayoweza kutumika kuwahimiza wananchi wawapigie simu wabunge. Ukizidisha unatozwa kodi ya asilimia 25 ya kiasi kilichozidi, na ukiendelea miaka kadhaa unapoteza hadhi ya kutolipa kodi.

Sasa angalieni kinachoachwa nje ya hesabu. Mtaalamu aliyeitwa na kamati kwa barua hatoi "ushawishi". Uchambuzi unaoeleza ukweli kwa ukamilifu hauhesabiwi pia, hata ukihitimisha kwa kuunga mkono upande mmoja. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati mwenye urafiki na kituo huandika barua ya mwaliko, na saa zote za maandalizi zinatoka kwenye daftari la ushawishi na kuingia kwenye la utafiti. Ni halali. Mwenye kutaka mageuzi angeanzia hapo, si kwenye majina.

Chwaka

Nami naongeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko wafadhili. Sheria za Michigan za 2012 ziliwekewa fungu la $1,000,000. Si kwa bahati. Katiba ya jimbo, ibara ya II kifungu 9, hairuhusu kura ya maoni ya wananchi kufuta sheria yenye mgao wa fedha. Fungu hilo lilifunga mlango. Mwaka 2018 wapiga kura wa Missouri waliokuwa na mlango huo wazi waliikataa sheria ya aina hiyohiyo kwa theluthi mbili.

Kituo kinachosema kinapanua uhuru wa mtu mmojammoja kilipaswa kulikemea hilo kwa sauti kubwa.

Katiba Kwanza

Chwaka, nakubali kuhusu fungu. Lakini sema na upande wa pili: bunge lililoshikwa na chama cha Democratic lilipoifuta sheria hiyo mwaka 2023, liliweka $1,000,000 vilevile, na Gavana Gretchen Whitmer akatia saini Machi 24, ingawa mwaka 2019 alikuwa ametoa agizo kwamba miswada ya namna hiyo angeirudisha. Kosa ni la bunge.

Na mnasahau jinsi kazi hii inavyofanyika. Joseph Overton, makamu wa rais wa Mackinac aliyefariki 2003, alikuwa na kadibodi yenye kipande cha kuteleza juu na chini: sera zote za jambo moja zimepangwa wima, toka uhuru mdogo hadi mkubwa, na kipande kinaonyesha zile ambazo mwanasiasa anaweza kuzitamka bila kupoteza kiti. Kituo husukuma fikra za umma, na mwanasiasa hufuata. Hiyo ni hoja hadharani, na ajibiwe kwa hoja.

Mizani

Anayejibu hoja ana haki ya kujua kama tafiti inayompinga imelipiwa na mwajiri atakayenufaika nayo. Majimbo ya "haki ya kufanya kazi" huonyeshwa yakikua haraka, lakini mengi ni ya Kusini, yenye ardhi ya bei ndogo na watu wanaohamia. Ukilinganisha wastani wa majimbo bila kuyaondoa hayo, unapima joto la jua na bei ya nyumba. Mfadhili akijulikana, msomaji hukagua mlinganisho kwa makini zaidi.

Chwaka

Na kuhusu ada yenyewe, njia ya kati ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu 72, inakataza kumlazimisha mtu awe mwanachama, ila inaruhusu ada ya uwakala: isizidi ada ya mwanachama, iwe na akaunti yake, na isichangie chama cha siasa. Mmarekani angeweza kuiga.

Mkaguzi wa Hesabu

Waliijaribu, Chwaka. Kesi ya Abood ya 1977 kwenye Mahakama ya Juu iliruhusu watumishi wa umma watozwe gharama ya majadiliano, si ya siasa. Miaka 41 watu walishtakiana mstari wa kugawa uko wapi. Tarehe 27 Juni 2018, katika kesi ya Janus, mahakama hiyohiyo ikaifuta Abood kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa hoja kwamba kujadili mshahara unaotoka kwenye kodi ni siasa yenyewe. Ndiyo sababu sehemu ya sheria ya Michigan ya 2023 inayohusu watumishi wa umma imelala hadi Janus ifutwe. Akaunti tofauti inafaa kwa kiwanda. Kwa mwalimu wa shule ya serikali, tuambie kwanza mgawanyo ungeupima vipi.