Viti 6 vya boti ya fiba vimechoka, nivifufueje kwa hela ndogo?

Mtu_wa_Mwaloni:
Wakuu, habari za jioni. Nina boti ndogo ya fiba, inalala nje pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, haina paa. Viti viko 6: kikalio sm 40 kwa 45, mgongo sm 40 kwa 35. Leza (ngozi ya bandia ya kuvishia) imepasuka kwenye mishono, sponji ukiikalia inatoa maji, mbao za chini zimevimba hadi bisibisi inazama. Viti vipya bei haishikiki. Fundi sofa mmoja anasema atavisha leza mpya juu ya hiyo hiyo ya zamani, siku moja kazi imeisha. Nimkubalie? Kama sivyo, ninunue nini na kiasi gani?

Fundi_Siti_Igoma:
Usimkubalie mkuu. Bisibisi ikizama kwenye mbao, pini za stepla za kubania leza nazo hazishiki, na sponji yenye maji itaivundisha leza mpya kutoka ndani.

Chukua marini bodi ya mm 12, ile plaiwudi yenye filamu ngumu usoni. Karatasi moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande vyote 12: upana unabeba vitatu vya sm 40, na safu zote nne zinakula sm 160 tu kati ya 244. Ile filamu ya juu isikudanganye. Maji hayapiti usoni, yanapita kingoni ulikopitisha msumeno. Kwa hiyo kata, toboa matundu matano ya mm 12 kwenye kila kikalio (pembe nne na katikati), ndipo upake vanishi kingo na ndani ya matundu. Mkono wa kwanza changanya na thina nusu kwa nusu ili inywe vizuri, ikikauka ongeza miwili bila thina. Ukipaka kwanza halafu ukatoboa, umetupa vanishi. Upande wa kubandika sponji upige msasa, gundi haikai kwenye filamu inayoteleza.

Sponji ya kikalio iwe inchi 3, ya mgongo 2. Usipande inchi 4 kwa kutafuta ulaini, na sababu ni hesabu ya leza. Roli nyingi zina upana wa sm 137. Kwa inchi 3 unahitaji sm 40 za upana wa kikalio, jumlisha 15 za ubavu pande mbili, 2.4 za bodi na 8 za kukunja chini: sm 66 hivi, vipande viwili vinalala sambamba. Kwa inchi 4 inapita 70, viwili havienei, leza ya vikalio inakuwa mara mbili. Jumla yako pamoja na kufunika migongo kwa nyuma ni mita 4 na nusu na kidogo. Nunua 5 na nusu, paipini (ule utepe wa mviringo wa kwenye mishono) itatoka humo.

Upepo_wa_Kusi:
Kabla ya leza, funga sponji yote kwa nailoni nzito. Maji hayataigusa.

Fundi_Siti_Igoma:
Hapana ndugu. Kila tundu la sindano na la pini ni mlango, maji yataingia tu, na nailoni itayazuia yasitoke. Mwezi mmoja kiti kinanuka. Afadhali weka chini inchi 1 ya sponji ngumu isiyonyonya maji, ile ya mikeka ya mazoezi, uitoboe sawa na matundu ya bodi, juu yake inchi 2 za kawaida. Chini ya kiti acha wazi.

Sindano_18:
Naongeza kwenye kushona, maana viti vyake vilianza kufa mishononi.

Leza ya sofa yenye utando mwembamba wa juu inabanduka magamba upesi kwa jua la Mwanza. Omba ya PVC yenye kitambaa cha kufumwa nyuma, rangi isiyo nyeusi, abiria wasiungue mapaja. Uzi uwe wa poliesta; wa pamba unaoza hata kama leza ni nzima. Hatua za sindano ziwe 6 au 7 kwa inchi. Ukibana zaidi unachora mstari wa kuchania, leza inakatika hapo hapo. Na mshono usikae juu ya kikalio, ushushe ubavuni.

Kuvisha: anika leza juani kama nusu saa ilainike. Piga pini katikati ya kila upande kwanza, ndipo uelekee pembeni, pini kila sm 2 au 3, urefu mm 10 ili zisitokeze upande wa pili. Pini ziwe za stenlesi. Hili ndilo eneo la kutobana hela, kwa sababu pini za kawaida zikipata kutu zinakatika na leza yote inaachia.

Mtu_wa_Mwaloni:
Nimewaelewa sana. Turubai la lori je, badala ya leza? Ni rahisi zaidi.

Sindano_18:
Linafaa na linavumilia jua, ila halivutiki. Ukilivuta kama leza pembe zinajikunja ovyo. Lishone kama boksi, uso peke yake na ubavu peke yake, halafu livalishe. Migongo usiifunge kwa skrubu za mbao, tumia bolti zinazopita hadi upande wa pili na washa pana. Kuosha ni sabuni na maji tu, usitumie jiki.