Isa Lei ni ya Fiji au ya Tonga? Na wanaourudia wamlipe nani?

Mtoa mada: Wakuu, jana usiku nilikuwa naskiliza A Meeting by the River, ile albamu ya Mmarekani Ry Cooder na Mhindi V.M. Bhatt ya 1993, ina nyimbo nne tu na ya mwisho inaitwa Isa Lei, magitaa mawili yanalia hakuna anayeimba, na ile albamu ilibeba Grammy. Nikaanza kufukua, kumbe ni wimbo wa Fiji wa kuagana, ule wanaomwimbia mgeni akiwa anaondoka, na hadi leo ugomvi wa nani kautunga haujaisha. Wengi wanamtaja Ratu Sukuna, chifu wa Fiji, ati 1916 alimtungia binti wa kichifu, Adi Litia Tavanavanua, aliyekuja Suva, mji mkuu wa Fiji, kutembea. Watonga, majirani zao wa Pasifiki, wanasema lahani ni yao, imetoka kwenye ukoo wao wa kifalme. Na katikati kuna Caten, kiongozi wa beni, ambaye jina lake ndo unalikuta kwenye rekodi kama mwenye wimbo! Sasa swali: uandikwe mali ya taifa la Fiji na kila anayeurudia alipe, au uachwe kama ulivyo?

Kipaza: Walipe, hakuna mjadala hapo. Na Sukuna tarehe zinambeba. Waingereza walimkatalia jeshini kisa rangi yake, akaenda kupigania Wafaransa kwenye Legion yao, lile jeshi lao la wageni, akajeruhiwa 1915, wakampa medali, akarudi nyumbani. Kwahiyo 1916 mtu yuko Fiji, kijana, katoka vitani, binti mrembo kaja mjini. We unataka ushahidi gani tena?

Chuma cha Mjerumani: Kipaza ndugu yangu, hapo umethibitisha alikuwepo, hujathibitisha alitunga lol. Halafu mnasahau visiwa vya Lau. Lau iko mashariki ya Fiji inatazamana na Tonga, karne ya 19 ilitawaliwa na Mtonga, Ma'afu, na cheo chake cha Tui Lau, yaani chifu mkuu wa Lau, mnajua kilikuja kushikwa na nani 1938? Sukuna huyohuyo. Watu walikuwa wanaoana, wanavuka na mitumbwi, wanabeba nyimbo na mikeka kwenye chombo kimoja, leo mnataka kuchora mpaka juu ya maji mseme noti hii ya huku noti ile ya kule. Mimi kwangu huo ugomvi wa Fiji na Tonga ni wa ndugu, wa kuulizwa ni huyo wa beni.

Mama Kijacho: Mi pesa naziacha, kinachoniuma ni maneno. Wimbo unaanza "Isa, isa, vulagi lasa dina", vulagi ni MGENI jamani, mgeni ambaye kukaa naye ni raha tupu. Toleo la Kiingereza wanaloimba wengi limegeuza eti wewe ndiye hazina yangu pekee. Limekuwa la mapenzi tu! Kumbe la Kifiji linasema kesho asubuhi unapanda chombo, mimi huku nabaki na huzuni, ukumbuke raha zetu za Suva. Aliyewahi kusindikiza mtu bandarini anajua hayo si mapenzi ya hazina.

Kipaza: Sawa mama, ila bila sheria mtabaki mnalalamika hivyohivyo. Malaika yetu iliimbwa na kina Makeba na Boney M, na huku bado tunabishana ni ya Fadhili William au Adam Salim.

Chuma cha Mjerumani: Usituhamishe, Malaika ina uzi wake. Haya, tufanye Fiji wameshapata hiyo sheria yako. Cooder na Bhatt hawakutamka neno hata moja la Kifiji, walichochukua ni lahani peke yake, na lahani ndo hiyohiyo Mtonga anasema ni yake. Bili unampelekea kwa jina la nani?